Tuulize kwanza mabua yamekwenda wapi

Ndugu Mhariri,

Kulinganisha Kenya na Tanzania kwa gesi ya nitrasi oksaidi, mojawapo ya gesi zinazoongeza joto duniani, inayotokana na mabaki ya mahindi huonekana kazi nyepesi: tani za mavuno huzidishwa kwa vigezo vya IPCC (jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi), jibu likapatikana. Jibu hilo si la kuaminiwa mpaka ijulikane mabua yameishia wapi.

Chukua hekta iliyotoa tani 2 za mahindi. Unyevu ukitolewa hubaki tani 1.74. Kwa mwongozo wa IPCC wa 2006, mabua makavu ni mavuno hayo mara 1.03, kisha huongezwa 0.61: takriban tani 2.4, zenye naitrojeni kilo 14.4. Mizizi ina kilo 6.4 nyingine. Asilimia 1 ya naitrojeni hiyo huhesabiwa kuwa imetoka kama nitrasi oksaidi; ukizidisha kwa 44/28, ili kugeuza uzito wa naitrojeni kuwa uzito wa gesi yenyewe, unapata gramu 327 za gesi. Yakiondolewa mabua yote, ikabaki mizizi peke yake, ni gramu 100.

Mwongozo unaruhusu, pasipo takwimu, kuchukulia kwamba hakuna kilichoondolewa. Lakini Kiambu na Murang'a mabua hukatwakatwa kulisha ng'ombe wa maziwa, na Kilimanjaro hupandishwa kutoka mashamba ya tambarare hadi kihambani, yaani shamba la nyumbani mlimani. Naitrojeni iliyoliwa haijapotea. Imehamia kwenye samadi, nayo huhesabiwa huko. Ikiachwa pia upande wa mabaki, imehesabiwa mara mbili.

Ile 0.61 nayo ina mtego. Ni tani kwa kila hekta, hata mavuno yawe haba, kwa hiyo nchi yenye eneo kubwa na mavuno madogo huonekana na mabua mengi kwa kila tani ya nafaka. Mahindi yaliyochanganywa na maharage yakiandikwa kama hekta mbili kamili, mabaki yanatiwa chumvi. Tena gunia la Kenya ni kilo 90, la Tanzania kilo 100. Anayejumlisha magunia bila kuyageuza kuwa kilo ameanza na kosa la asilimia 10.

Kuchoma ndiko kunakopotosha zaidi. Tani moja ya mabua makavu ikichomwa hutoa gramu 56 za nitrasi oksaidi. Ikiachwa ioze shambani, gramu 94. Anayetazama gesi hiyo pekee atadhani moto ni nafuu. Moto huo huo hutoa kilo 2.2 hivi za methani, na ukizipima gesi zote mbili kwa kipimo cha kaboni dioksidi, yaani kwa nguvu yake ya kuongeza joto, kuchoma kunafikia kilo 70 na ushei dhidi ya kilo 26 za kuozesha. Na naitrojeni ambayo mkulima angeirudisha ardhini imekwenda na moshi.

Kisha kuna toleo la mwongozo. Marekebisho ya 2019 yalishusha ile asilimia 1 hadi 0.6 kwa maeneo ya mvua na 0.5 kwa maeneo makavu. Nchi moja ikitumia la zamani na jirani yake jipya, tofauti inayokaribia mara mbili itatokea bila bua hata moja kuongezeka.

Tunaziomba wizara za kilimo za nchi zote mbili ziongeze swali moja kwenye dodoso la sensa ya kilimo: kati ya mabua ya msimu uliopita, ni sehemu gani ililishwa mifugo, ilichomwa, ilitumika kama kuni au iliachwa shambani? Liulizwe kwa kila wilaya, baada tu ya mavuno, kabla mkulima hajasahau.

Wataalamu wa udongo,
Morogoro