Usimuue yule mrefu: barua ya wazi kwa mdogo wangu

Mdogo wangu,

Muswada wa riwaya yako, ile ya wapelelezi wawili wanaume wanaopendana, nimeumaliza. Mwanzoni ulitaka nikujibu faraghani, halafu ukasema niandike hadharani, huenda na mwingine anayehangaika na hadithi kama hii akaokota chochote. Haya basi. Jina lako sitalitaja, ila kila penye donda nitagusa.

Nianze na kilichoninyima usingizi. Wapelelezi wako wawili wamo ndani ya gari lililozimwa taa, wanailinda nyumba ya mshukiwa tangu magharibi. Hakuna anayeingia wala kutoka. Katika kukaa kule, yule mrefu, ambaye sikio lake la kushoto halisikii tangu bastola ilipolia kando yake, anaanza kukumbuka: miezi minane wanafanya kazi pamoja, na mfupi hajawahi hata siku moja kutembea upande wake wa kushoto. Kwenye korido, kwenye ngazi, kwenye vikao, daima yuko kulia. Hakuambiwa. Na mrefu, anayeweza kukwambia mtu katoka wapi kwa kuangalia tope la viatu vyake, hakuliona hilo!

Hapo niliuweka muswada chini, nikakaa kidogo. Hukuandika kwamba moyo ulimwenda mbio, wala hukumwaga machozi ya mtu. Kazi ya watu hawa ni kuangalia, na pendo limewapita chini ya pua. Riwaya yako ni hiyo.

Sasa mbona baadaye unaiacha? Kuanzia sura ya tano mauaji yana sura zake na mapenzi yana zake, kama wapangaji wawili wasiosalimiana. Mwaka 1928 mwandishi wa Marekani, S. S. Van Dine, alitoa kanuni ishirini za hadithi za upelelezi, na mojawapo ilipiga marufuku mapenzi: kazi ni kumfikisha mhalifu mbele ya sheria, si kuwafikisha wapendanao kwenye ndoa. Ukiyatenga hivi unampa ushindi wa bure. Dorothy Sayers, mwandishi wa upelelezi wa Uingereza, hakumpa. Riwaya yake ya mwaka 1937 aliipa kijina cha chini kinachosema wazi kuwa ni hadithi ya mapenzi inayokatizwa na upelelezi.

Dawa unayo mwenyewe, umeizika sura ya saba. Siku wanapokikuta kisu, mrefu anazidiwa, anatoka nje kupumua. Mfupi anaandika kwenye daftari kwamba walikuwa wote wawili chumbani. Sentensi moja, ya huruma. Kurasa tatu mbele umeshaisahau! Mdogo wangu, kisu hicho kitafika mahakamani. Kitaulizwa nani alikiona, nani alikiokota, nani alikifunga na kukitia lakiri, saa ngapi, mbele ya nani. Wote wawili watapanda kizimbani kama mashahidi. Wakili wa utetezi hahitaji hata kukigusa. Atamuuliza mfupi swali moja tu, kwamba huyu mwenzako ni nani kwako. Akikana, amesema uongo chini ya kiapo. Akikiri, kila alichoandika kuhusu mrefu kinatiliwa shaka, na muuaji anaweza kwenda zake nyumbani. Huoni kwamba mapenzi na kesi vimekuwa fundo moja? Ndiyo maana mkuu wa kikosi mwenye akili, akijua wawili wanapendana, huwatenganisha, hata kama hana neno na mapenzi yao.

La lugha sasa, nikuudhi kidogo. "Alimshika mkono, akautoa taratibu." Nani kamshika nani, na mkono ni wa nani? Usisingizie kwamba wote ni wanaume. Kiswahili hakijawahi kutuambia kama "yeye" ni mke au mume, na watu wamependana humo miaka yote bila kupotezana. Kinachowatofautisha ni mazoea ya mikono na maneno yao. Halafu "wakatazamana" umelitumia ukurasa wa pili. Mapema mno! Mpaka usiku ule wa gari, mmoja amtazame, amsubiri, amfichie. Kutazamana kuje baadaye, likija mara moja litatosha. Ila pale mkuu anapofoka, "Mwenzio yuko wapi?" na mfupi anababaika kwa sababu neno limemwingia kwa maana ya pili, usibadilishe hata nukta.

Watu watakuletea Holmes na Watson, yule mpelelezi wa hadithini na rafiki yake, waache walete. Wewe chukua jambo moja tu. Wawili hao walianza kuchapishwa mwaka 1887, na ilibidi tungoje hadi hadithi ya mwaka 1924, Watson apigwe risasi ya paja, ndipo Holmes amrukie kwa hofu na Watson aone jinsi anavyopendwa. Miaka 37 kwa dakika moja ya kujisahau. Wako wanaambiana kila kitu sura ya nne.

Nimebakiza mwisho, na hapa nimekasirika kweli. Kwa nini umemuua? Usiniambie ndiyo uhalisia. Mwandishi wa Uingereza, E. M. Forster, aliandika riwaya ya wanaume wawili wanaopendana mwaka 1913 na 1914, akashikilia kwamba lazima waishi na wawe pamoja, akaifungia isitoke akiwa hai. Ilitoka 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Angemnyonga mmoja wao labda ingekuwa rahisi kuichapisha mapema. Alikataa. Nawe unayeandika bila kulazimishwa na yeyote, unamtoa mrefu kwa risasi ya ukurasa wa mwisho ili msomaji alie? Msomaji wa riwaya ya mapenzi amekuja na ahadi mkononi. Kesi ivunjike ukitaka, wahamishwe vituo, mmoja avue beji. Lakini wapumue.

Kwa hiyo irudie kuanzia sura ya saba, daftari lifunguliwe mahakamani, uniletee. Makosa ya tahajia nimeyawekea alama, hayo tusipoteze muda nayo.

Na lile sikio, baada ya usiku wa gari usilitaje tena popote. Mfupi aendelee tu kutembea kulia.

Dada yako