Ng'wandu, Ngwandu, Mwandu: jina la baba limenichelewesha kumfuata mume

Mhariri,

Mume wangu ni raia wa Ujerumani. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikihangaikia viza ya kumfuata, ili nikifika huko niombe kibali cha ukaazi. Majirani zangu hapa Igoma wanadhani kilichonishinda ni Kijerumani. Kweli, ubalozi unataka cheti cha lugha cha ngazi ya A1, nami nilisoma usiku baada ya kufunga duka hadi nikafaulu. Nilikokwama ni kwenye jina la baba.

Baba yangu ni Ng'wandu, na cheti changu cha kuzaliwa kinasema hivyo. Pasipoti imeandikwa Ngwandu, ritifaa haipo. Siku ya ndoa, mwandishi wa cheti alisikia Mwandu, akaandika Mwandu, nasi tukasaini huku vigelegele vinapigwa. Kwetu Usukumani hilo ni jina moja. Afisa wa viza aliyeko Dar es Salaam atajuaje? Yeye anaona watu watatu, na simlaumu.

Nilipanda basi Nyegezi, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, nikarudi na karatasi zilezile. Ikaanza hati ya kiapo kwa wakili, yakafuata marekebisho ya cheti cha ndoa, kisha tafsiri ya Kijerumani ikafanywa na kulipiwa upya, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imebeba kosa lilelile. Ada ya viza yenyewe mke wa raia wa Ujerumani halipi. Nauli na karatasi ndizo zimekula fedha. Na mwenzangu bado anakula peke yake huko, jambo linaloniuma kuliko fedha.

Ninawaomba wanaofungisha ndoa, iwe bomani, kanisani au msikitini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla. Katika siku hizo waambieni maharusi walete vyeti vya kuzaliwa na pasipoti kama wanazo, majina yanakiliwe humo herufi kwa herufi, yasiulizwe kwa mdomo asubuhi ya harusi. Vyeti vikitofautiana, ijulikane mapema. Na tafadhali, ritifaa msiiache.

Mdogo wangu anafunga ndoa Desemba. Nimeshampelekea paroko nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, Ng'wandu nimelizungushia kalamu nyekundu.

Msomaji wenu,
Igoma, Mwanza