Barua kwa vijana wa bendi za Amu (Lamu)

Wanangu wa mitaa ya Mkomani na Langoni, assalaam aleikum.

Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe mwazipiga harusini hadi wazee wanainuka vitini. Basi mjue ni za nani. Alizaliwa 1944 mkoani Morogoro; alitunga, akaimba, na gitaa la solo akalipiga mwenyewe. Alipata jina na bendi ya Morogoro Jazz, wakaenda hadi maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Mwaka 1973 akaunda bendi ya Super Volcano. Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, hajatimiza miaka 35.

Yeye aliwahi kurekodiwa kwenye santuri, zile sahani za muziki. Waimbaji wetu wengi waliokufa vijana waliachwa kwenye kanda za kaseti za harusi, nazo zimo makabatini zaota ukungu. Hizo ndizo zilizonifanya niwaandikie, mzihamishie kwenye kompyuta kabla hazijaharibika.

Hewa ya chumvi na unyevu huziua kuliko miaka. Ukiona uweupe kwenye utepe kupitia kidirisha cha kanda, itenge. Ukiitia mashineni ukungu utahamia kwenye kichwa, kile kipande cha mashine kinachosoma utepe, na kuchafua kanda zote zifuatazo. Iliyo safi, vunja kwanza vile vijimeno viwili vya plastiki mgongoni, asije mtu akarekodi juu yake. Kisha izungushe hadi mwisho na uirudishe, mara moja, ili tabaka zilizogandana ziachane. Futa kichwa na kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti, uache vikauke. Mpira uliokakamaa na kung'aa ndio umezao utepe. Za dakika 120 ziogopeni zaidi: utepe wake ni mwembamba, hukatika.

Sauti ikija kama ya mtu aliyejifunika blanketi, msikimbilie vitufe vya treble (sauti nyembamba). Kando ya kichwa mna skurubu ndogo. Izungusheni kidogo kidogo huku mkisikiliza herufi S na mlio wa tari. Zikichomoza, acheni hapo hapo. Kanda nyingine itataka kurekebishwa upya, kwa sababu kila mashine ilirekodi kwa mkao wake.

Kwenye kompyuta rekodini faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa; kwenye programu ya kurekodia chagueni biti 24 na kilohezi (kHz) 48. Saa moja hula takriban gigabaiti moja. Kilele cha sauti kisipite desibeli (dB) -6 kwenye kipimo cha programu, maana sauti iliyopasuka hairudi. MP3, iliyobanwa, ni ya kutumiana kwa simu tu. Wekeni nakala tatu, moja ikae Malindi au Mombasa, mbali na kisiwa hiki.

Faili isiyo na majina ni kelele. Andikeni mtunzi wa mashairi, aliyetia sauti, wapigaji, mwaka, mtaa. (Mwimbaji mara nyingi siye mtunzi, na hapo ndipo ugomvi huanzia.)

Kwa sheria ya Kenya haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Tungo za Mbaraka, basi, zalindwa hadi mwisho wa 2029. Tungo zenu nanyi, asiwadanganye mtu kwamba mlimpa kwa mdomo: haki haihami bila maandishi yenye saini. Mkitia saini, someni kama mnauza rekodi ile moja au na utungo pia.

Anzeni na kanda zisizo na maandishi, maana wanaozitambua kwa sikio wamebaki wachache.

Mzee wenu, Amu.