Kiongozi wa chama awe mmoja, ila asishike kalamu zote

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa kama chama kinachosimama kwa nguvu ya mashina na matawi kiwe na kiongozi mmoja au uongozi wa pamoja. Wanaotaka uongozi wa pamoja wana hofu ya haki kabisa, maana tumeona vyama vikigeuka mali ya mtu. Hata hivyo, nasema awepo mmoja, lakini katiba imwondolee mapema mambo matatu: fedha, uteuzi wa wagombea, na mamlaka ya kuamua yeye mwenyewe lini anaondoka na lini anarudi.

Chama kinachokataa kuwa na kiongozi huishia kuwa na kiongozi asiyetajwa. Msajili wa Vyama anataka majina na anuani. Benki inataka watia saini. Mwandishi wa habari akipiga simu jioni kutaka msimamo wa chama, kamati ya watu tisa haipokei simu. Anapokea mmoja wao. Akishazoeleka huyo ndiye msemaji, na baada ya miezi ndiye mwamuzi. Kwa kuwa hana cheo, Mkutano Mkuu hauna cha kumvua.

Chama cha Kijani cha England na Wales kililipitia hili. Kwa miaka mingi kilikuwa na wasemaji wakuu wawili, mwanamke na mwanamume, kwa makusudi ya kukwepa ukubwa wa mtu mmoja. Mwaka 2007 wanachama walipiga kura, na asilimia 73 wakataka nafasi ya kiongozi iwepo. Caroline Lucas alichaguliwa mwaka 2008, na mwaka 2010 akawa mbunge wa kwanza wa chama hicho. Waliweka sharti kwamba kiongozi arudi kwa wanachama wote kuomba kura kila baada ya miaka miwili, na wakaacha mlango wazi kwa wawili kugombea nafasi hiyo kwa pamoja.

Hapa nyumbani funzo kubwa ni CUF, Chama cha Wananchi. Agosti 2015 Profesa Ibrahim Lipumba aliandika barua ya kujiuzulu uenyekiti. Mwaka 2016 akaandika nyingine ya kuitengua ya kwanza. Swali likawa: kujiuzulu kunatimia barua ikishafika ofisini, au mpaka mkutano uliomchagua uikubali? Kwa karibu mwaka mzima Mkutano Mkuu haukuwa umeitwa kuijibu barua ile. Ulipoitwa Agosti 2016 ukavunjika kwa vurugu. Msajili akamtambua Lipumba, na kesi zikafuata, hadi za ruzuku na bodi ya wadhamini. Machi 2019 Maalim Seif, aliyekuwa katibu mkuu, na wafuasi wake wakahamia chama kingine, ACT-Wazalendo. Mwenyekiti na katibu mkuu walikuwa watu wawili tofauti, na bado chama kilipasuka. Kugawa vyeo peke yake hakutoshi.

Linganisha na ACT-Wazalendo, wenye Kiongozi wa Chama, Mwenyekiti na Katibu Mkuu. Maalim Seif alipofariki Februari 2021 akiwa mwenyekiti, chama kilibaki kimoja mpaka Juma Duni Haji alipochaguliwa Januari 2022. Machi 2024 Zitto Kabwe akamaliza muda wake, na Dorothy Semu akashika nafasi ya Kiongozi wa Chama. Nafasi zilijazwa kwa uchaguzi, si kwa mabishano ya barua.

FORD, chama cha upinzani cha Kenya, nayo ilivunjika kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992. Ugomvi mmojawapo ulikuwa namna ya kumpata mgombea urais: wanachama wapige kura moja kwa moja, kama alivyotaka Kenneth Matiba, mmoja wa vigogo wake, au wajumbe wachague. Wapinzani wakaingia uchaguzini wamegawanyika, na Rais Moi akashinda kwa asilimia 36 hivi.

Kwa hiyo, wanaoandika katiba ya chama waweke vifungu hivi. Barua ya kujiuzulu itimie siku 14 baada ya katibu kuipokea, na ndani ya siku hizo tu iweze kufutwa. Makamu akaimu, na uchaguzi ufanyike ndani ya siku 90. Zikipita, matawi theluthi moja yawe na haki ya kuuitisha bila kusubiri makao makuu. Hundi isainiwe na wawili kati ya watatu, kiongozi asiwe mmoja wao. Mgombea udiwani achaguliwe na wanachama wa kata, na jina likikatwa juu, sababu itolewe kwa maandishi. Nauli na malazi ya wajumbe yalipwe na chama, kwa sababu mjumbe aliyelipiwa gesti na mgombea amekwisha kupiga kura kabla ya kufika ukumbini.

Kiongozi achaguliwe kwa kura za wanachama wote. Hapo ndipo vyama vingi hukwama, kwa kuwa daftari la wanachama ama halipo, ama limejaa majina ya waliohama na waliofariki. Lifungwe siku 60 kabla ya kura, libandikwe kwenye ofisi ya tawi siku 14, na pingamizi zimalizwe katani kabla karatasi za kura hazijachapwa.

Mdau wa siasa za mashinani,
Tanga