Mada ya Jumamosi: mlipuko wa M82

Wanakikundi, habari za jioni. Jumamosi saa 2 usiku tutazungumzia mlipuko wa tarehe 15 Novemba 2023, ule ulionaswa na setilaiti ya Ulaya iitwayo Integral. Miale ya gamma ilidumu kama sehemu ya kumi ya sekunde, basi. Sekunde 13 baadaye taarifa ilikuwa imeshawafikia wanaastronomia kote duniani: chanzo kiko upande wa galaksi M82, umbali wa miaka nuru milioni 12 hivi.

Naomba tukae zaidi kwenye swali moja: walijuaje kuwa ni magneta, yaani nyota ya nutroni (kiini kilichosongamana sana cha nyota kubwa iliyokufa) yenye uga wa sumaku mkali kupindukia, na si nyota mbili za nutroni zilizogongana? Utamu wote uko hapo. Saa chache baadaye darubini ya XMM-Newton ililenga palepale, isikute mwanga wowote wa eksirei uliobaki, ule ambao mgongano huuacha. Mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga-wakati inayotokea nyota kama hizo zikigongana, nayo hayakuonekana. Mgongano wa karibu vile usingepita kimyakimya.

Wanaopenda kulinganisha wasome kuhusu SGR 1806-20, magneta ya galaksi yetu wenyewe. Tarehe 27 Desemba 2004 ilifyatua miale iliyovuruga hadi tabaka la juu la angahewa letu, kisha ukafuata mkia, yaani miale hafifu zaidi, uliopigapiga kila sekunde 7.5, kadiri nyota ilivyojizungusha. Mkia kama huo ukitokea M82 ni hafifu mno kuuona.

Tafadhali, zile picha za kuchorwa msizilete kama ushahidi. Mwenye bando dogo anijulishe inbox, nitamtumia grafu peke yake.