Barua ya wazi kwa wajukuu zangu mnaosomea ualimu

Wajukuu zangu, asalaam aleikum.

Mkiulizwa elimu ya Uganda ilianza lini, wengi wenu hujibu 1877, walipofika wamisionari kutoka Uingereza. Kabla hamjashika chaki, lifikirieni upya jibu hilo.

Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Suuna II, Kabaka (mfalme) wa Buganda, na kumsomea Kurani. Muteesa, mwana wa Suuna, alijifunza kusoma Kiarabu, akakijua Kiswahili, na kuanzia 1867 akafunga Ramadhani. Wamisionari walikuta ikulu yenye wasomaji, na wao wenyewe wakaanza kufundisha kwa Kiswahili. Naam, Kiswahili hikihiki ambacho baadhi yenu mnakiita lugha ya askari.

Na elimu haikungoja herufi. Vijana waliohudumu ikulu, bagalagala, walijifunza utawala huko huko kazini.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Bunyoro, ufalme jirani wa Buganda. Mwaka 1879, mahali paitwapo Kahura, mmisionari wa tiba Robert Felkin alishuhudia mama akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa kiasi. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, akaliosha na tumbo, kisha akatumia maji. Mishipa iliyovuja damu aliigusa kwa chuma cha moto. Kidonda alikifunga kwa vyuma vyembamba saba vilivyong'arishwa, akavizungushia uzi wa magome, akapaka dawa ya mizizi iliyotafunwa, juu yake jani la mgomba. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Felkin aliyachapisha hayo mwaka 1884. Darasani msiishie kwenye mshangao. Waulizeni wanafunzi: mkono ule ulizoezwa na nani? Nani alijua mizizi ipi ichimbwe? Kazi ya namna ile haibahatishwi, ilikuwa na mwalimu na mwanafunzi, hata kama hapakuwa na ubao.

Ila msitie chumvi. Kuna wanaozunguka wakidai babu zetu walijua kila kitu. Hao wanatuaibisha sawa na wale wa 1877. Nafasi za ikulu ziliwafikia wavulana, hasa watoto wa wakubwa. Dawa nyingi zilikuwa siri, na siri hufa na mwenyewe. Yasemeni na hayo.

Likizo hii, kila mmoja amwendee mkunga, mfua chuma au mtengeneza nguo ya magome ya mutuba. Muulizeni alifundishwa na nani, kwa miaka mingapi, na alikosea wapi akiwa mwanafunzi. Andikeni jina la mti kwa lugha yake mwenyewe. Akisema jambo hili ni la ukoo, funga daftari na usilipige picha kwa simu. Muombe akuambie tu lile analoruhusiwa kusema.

Babu yenu,
Bombo