Barua kwa mwanangu: kikundi si makombo

Bukoba, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Alhamisi nimeusoma na kuurudia. Kilichonikaa rohoni si yale masomo mawili uliyofeli, hayo yatarudiwa. Ni pale ulipoandika kwamba mshauri nasaha wa chuo hana nafasi ya kukuona peke yako mpaka muhula ujao, kwa hiyo "amekutupa" kwenye kikundi cha wanafunzi wanane wanaokutana kila Jumatano. Umeandika kana kwamba tiba yenyewe wamepewa wengine, wewe ukaachiwa makombo. Nakuandikia barua nzima kwa ajili ya hilo tu, maana naamini ulichopewa ni tiba kamili, na kwa hali yako huenda ndiyo inayokufaa zaidi.

Nashukuru kwamba uliingia kwenye ile ofisi kwa miguu yako mwenyewe. Baba yako naye anashukuru, ingawa unajua si mtu wa maneno.

Unaniuliza utawezaje kukaa mbele ya watu usiowajua na kusema mambo ambayo hata mimi ulinificha tangu bibi yako alipofariki. Shangazi yako ukimwuliza atakwambia mambo ya ndani hayatoki nje ya ua. Namheshimu wifi yangu, lakini ana methali zake nami nina yangu, na yangu ni mficha uchi hazai. Nimekuwa muuguzi katika mkoa ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana mwaka 1983. Nimehudumia watu waliokwenda kuchukua dawa wilaya ya pili ili jirani asiwaone, nauli ikikosekana dawa nazo zinakatika. Kisha nikaona vikundi vya WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, vinaanza. Mtu aliyekuja kliniki akiangalia sakafu, akakaa kimya vikao kadhaa, siku moja akasikia mwenzake anaeleza jambo lile lile lililokuwa linamtafuna yeye. Akainua kichwa. Dawa zilikuwa zile zile kwa wote, lakini wale waliokuwa na kikundi ndio niliowaona wanazimeza bila kuruka.

Hapo Kampala unaposoma ndipo TASO, chama cha kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI, ilipoanzia mwaka 1987. Noerine Kaleeba alikuwa amefiwa na mume wake mwanzoni mwa mwaka huo huo, akakusanyika na wenzake wachache waliokuwa na ugonjwa ule au waliokuwa wanauguza wagonjwa wake, wakawa wanakutana kufarijiana. Hapakuwa na dawa wakati ule. Walichokuwa nacho ni wao kwa wao, na katika hicho kikatoka chama kilichohudumia nchi nzima.

Utasema huo ni ugonjwa wa mwili, wewe umeambiwa una sonona, yaani ile huzuni nzito isiyomwachia mtu. Basi sikiliza jingine, maana limetokea njiani kwako. Ukipanda basi kutoka hapa unavuka Mutukula, unapita Kyotera, unafika Masaka. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Rakai na Masaka, watafiti walijaribu kutibu sonona kwa vikundi. Vijiji vilivyopata vikundi na visivyopata vilichaguliwa kwa kura. Watu walikutana mara moja kwa wiki kwa dakika 90, wiki 16, wanawake na wanawake wenzao, wanaume na wanaume wenzao. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji wanaojua lugha ya pale, waliofundishwa kwa wiki mbili. Matokeo yalitoka mwaka 2003 kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani, na mimi kila nikiyasoma nasimama kidogo: kabla ya kuanza, watu 86 katika kila 100 waliopangiwa vikundi walikuwa na sonona kamili, baada ya vikao walibaki 6 au 7. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, kutoka 94 katika kila 100 walibaki kama 55. Kwa hiyo ni kweli wapo wanaopata nafuu kwa muda kupita tu. Lakini tazama tofauti yenyewe ilivyo kubwa. Watafiti waliporudi baada ya miezi sita, nafuu ilikuwa bado ipo.

Hawa walikuwa wakulima waliozika ndugu wengi, mwanangu. Walikuwa na aibu kama yako na usiri kama wetu. Walizungumza.

Namna waliyotumia inafuata wazo ambalo Gerald Klerman na Myrna Weissman walilianzisha Marekani miaka ya 1970. Wao walisema sonona mara nyingi inajishikiza kwenye jambo linalotokea kati ya mtu na watu wake, na wakayaweka mambo hayo katika mafungu manne: msiba, ugomvi, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Mtu anachagua fungu lake, na kila wiki anaeleza wiki ilikwendaje, siku gani moyo ulizama na nini kilitangulia. Wenzake wanamsaidia kutafuta la kufanya kabla ya kikao kijacho. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuendesha vikundi hivyo kwa vikao vinane, na shirika la StrongMinds limekuwa likivitumia Uganda kwa miaka mingi. Mimi nikiyaangalia mafungu hayo manne naona mawili ya kwako waziwazi. Bibi alizikwa wewe uko kwenye chumba cha mtihani, hukutupa udongo. Na umetoka nyumba ambayo hapakuwa na mlango wa kufunga, ukaenda kwenye chumba cha hosteli ambako mtu anaweza kulala siku mbili asiulizwe kama amekula.

Ndiyo maana nasema kikundi kinaweza kukufaa kuliko kukaa na mshauri peke yenu. Mshauri akikwambia "hauko peke yako", utamwona ni mtu anayetimiza kazi yake. Mwanafunzi wa uhandisi aliyefeli kama wewe, akisema naye hapokei simu za mama yake kwa kuogopa kuulizwa matokeo, huyo huwezi kumwambia anakufariji tu. Halafu kuna jambo watu hawalitarajii. Wewe uliyenambia hufai kitu, siku utakapomwambia mwenzako neno likamsaidia, utajiona tofauti. Mimi siwezi kukupa hilo kwa simu hata tukiongea usiku kucha.

Tena tiba hii haikubuniwa kwa ajili ya watu wa mbali na sisi. Mwaka 1905 daktari mmoja wa Boston, Joseph Pratt, aliwakusanya wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa maskini wasioweza kulipia hospitali za kulala. Alitaka kuwafundisha usafi na mapumziko, akagundua kwamba kule kukutana kwenyewe kunawainua. Waliotengwa kwa sababu ya ugonjwa wakapata mahali pa kukaa bila kukimbiwa. Kila aliyewahi kufanya kazi wodi ya TB analielewa hilo bila kuelezwa.

Sasa uliza ni kikundi cha namna gani, maana havifanani. Vipo vya mazungumzo, ambavyo watu wanaongea kuhusu maisha yao na pia namna wanavyohusiana wao kwa wao mle ndani. Vipo vinavyokwenda kama darasa, unafundishwa mbinu na kupewa zoezi la nyumbani. Maarufu ni ile namna ya mwanasaikolojia Marsha Linehan, inayofundisha kutuliza akili, kustahimili taabu bila kujidhuru, kumudu hisia na kusema na watu bila kuvunja uhusiano. Vipo vya jambo moja tu, kama wafiwa. Na yule rafiki yako uliyeniambia anakunywa kila usiku, mkumbushe kuna vikundi vya AA, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vilivyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935. Vile havina mtaalamu, wanaoviendesha ni watu waliopitia pombe wenyewe, na havitozi ada. Kwako wewe naona kile cha mazungumzo au cha wafiwa. Cha mbinu kinasaidia sana wenye wasiwasi mkali, lakini mtu mwenye akili ya darasani kama wewe anaweza kujificha nyuma ya daftari muhula mzima, akaandika kila kitu na asiseme lolote.

Mwulize mshauri kama mtaonana wawili kabla ya kikao cha kwanza. Kikundi kinachoendeshwa vizuri hakiokoti watu. Mwongozaji anazungumza na kila mmoja, anajua nani hafai kuwekwa na nani. Uliza kama kimefungwa, yaani walioanza ndio watakaomaliza, au watu wanaingia na kutoka. Kwa uzito wa mambo yako ningependa kilichofungwa. Uliza lugha. Kiganda unakisikia kwa kuwa kiko karibu na Kihaya chetu, lakini kukisikia si sawa na kulia ndani yake, na Kiingereza nacho unajua mwenyewe. Na uliza kama kuna mtu wa darasa lako. Akiwemo, una haki ya kuomba kikundi kingine, usione haya.

Kuhusu siri nakwambia ukweli mtupu. Mshauri anabanwa na maadili ya kazi yake. Wanafunzi wenzako wanabanwa na ahadi tu, wanayoiweka siku ya kwanza. Ahadi inaweza kuvunjwa. Ndiyo maana mtu haanzi na jambo lake zito kuliko yote. Unaanza na dogo, unaangalia linavyopokelewa, linavyolindwa, ndipo unasogea. Hakuna wa kukulazimisha kusema. Kusikiliza vikao viwili vya kwanza ni kushiriki pia. Ila kundi la WhatsApp wakilifungua baada ya kikao, lako lisiwemo hata neno. Kilichoandikwa kinapigwa picha na kusambaa.

Uliniambia unafikiri feloshipu inatosha. Endelea nayo, wale watoto wamekubeba na mimi nawaombea. Lakini angalia tofauti. Kwenye ushuhuda mtu husimama akishashinda: nilikuwa mgonjwa, sasa nimepona. Aliye katikati ya shida, asiyejua kama ataamka kesho na nguvu za kuoga, hana zamu ya kusimama. Kikundi cha tiba kinamtaka huyo huyo, katika hali hiyo hiyo, bila kumharakisha kufika kwenye ushindi. Mungu hachukii hilo, mwanangu, na mchungaji akikwambia sonona ni upungufu wa imani, usibishane naye, nenda Jumatano.

Kikundi kina mipaka yake. Fikra za kufa au za kujiumiza zikikujia, usisubiri siku ya kikao. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, mwamshe mwenzako wa chumba akusindikize. Hapo Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili, na hospitali kubwa zote zina kitengo cha dharura. Kisha nipigie, hata iwe saa nane za usiku. Simu yangu siizimi. Na daktari akiona unahitaji vidonge, vidonge na kikundi vinakwenda pamoja, kimoja hakifuti kingine.

Kikao cha kwanza utatoka umechoka na pengine umekasirika. Utasema wale watu hawakuhusu. Wengi husema hivyo, na ndiyo maana nakuomba usiamue lolote kabla ya kikao cha nne. Ukifika hapo ukaona bado hakikufai, mwambie mwongozaji ana kwa ana, usipotee kimya kimya. Wale wengine watabaki wanajiuliza wamekukosea nini, na wewe utakuwa umefunga mlango ambao ungeweza kuuhitaji tena.

Yatakayosemwa mle usinieleze. Mimi ni mama yako lakini si mjumbe wa kikundi, na nitakuwa nimetajwa huko, naelewa. Sitauliza. Baba yako nimemwambia naye asiulize, akaitikia kwa kichwa.

Orodha wanaifunga Ijumaa, kwa hiyo kesho asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza pita ofisini ukaandikishe jina. Ukikuta nafasi zimejaa, omba uwekwe wa kwanza kusubiri na uulize kama kuna kikundi cha wafiwa muhula huu. Hela ya hosteli nimetuma kwa baba yako mdogo, atakuletea Jumanne pamoja na mfuko wa kahawa.

Mama yako